Jibu: Nukta nundu zinanichanganya, nianzie wapi?

Salama mkuu. Umesema umekariri herufi 26 za nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, mojamoja na bado zinakuchanganya. Kwanza kagua kidole. Shangazi yangu hapa Kirumba alikuwa anakandamiza kama anachagua embe. Papasa taratibu, kama unatafuta mwiba kwenye mnofu wa sato.

Halafu acha kukariri zote. Kila herufi ina nafasi sita za nukta: 1, 2, 3 kushuka kushoto, na 4, 5, 6 kushuka kulia. Shika a hadi j tu, zinatumia nukta nne za juu. Ukiongeza nukta ya 3, a inakuwa k, b inakuwa l, hadi t. Ongeza 3 na 6 kwenye a hadi e, unapata u, v, x, y, z. Mkorofi ni w, maana Louis Braille, aliyebuni nukta nundu, alifuata alfabeti ya Kifaransa ya wakati wake, isiyokuwa nayo. Hiyo ikariri peke yake.