Kwa dada wa Lindi: mazungumzo yaliyonitoa kwenye bangi yalikuwa kazi, siyo mawaidha

Dada, umeuliza kuhusu mdogo wako wa miaka 23, anayevuta tangu kidato cha pili. Hospitali wamewaambia bangi haina dawa ya kumeza ya kumwachisha mtu, aje kwenye vikao vya mazungumzo, na mama anasema huko ni kupoteza nauli, kwani mangapi ameshaambiwa? Nimekusoma mara mbili, maana mama yangu alisema hivyohivyo Mikindani.

Mama ana haki ya kuchoka. Mimi nilianza nikiwa na miaka 17, na nilipofika 29 nilikuwa kwenye misokoto 4 hadi 5 kwa siku. Nilikuwa kuli kwenye ghala la korosho Mtwara mjini, na pale kila mtu anaamini msuba, yaani bangi, ndio unaobeba gunia. Kusemwa nilisemwa. Mjomba wangu, ambaye kwetu Wamakonde neno lake linapita la baba, aliteremka kutoka Newala akanikalisha usiku kucha. Nikalia, nikaapa, nikakaa siku 9. Nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua. Nikafungiwa kwa bibi. Wote walinipenda, lakini wote waliniambia jambo nililokuwa nalijua: acha. Hakuna aliyenionyesha ikifika saa 12 jioni nifanye nini.

Kikao cha kwanza nilienda nimejiandaa kusemwa tena. Yule mtaalamu, binti mdogo kuliko mimi, akaniuliza: "Bangi inakusaidia nini?" Nikadhani ananitega. Akasubiri. Nikamwambia inanipa usingizi, inashusha hasira, naikuta na washkaji. Akaandika bila kukunja uso. Ndipo akauliza inanichukulia nini, na nikajikuta nataja mwenyewe: hela, kifua, mke wangu kuhamia chumba cha pili na mtoto. Ukinisema najitetea, ndivyo nilivyo, na nadhani mdogo wako ni hivyo pia. Njia hii ya kuuliza mpaka sababu zitoke kwa mwenye shida aliiandika Mmarekani William Miller mwaka 1983, kwa ajili ya watu wenye tatizo la pombe.

Kisha nikapewa kazi ya nyumbani. Daftari. Kila nikivuta niandike saa, mahali, niko na nani, na moyoni kulikuwa na nini dakika chache kabla. Sikukatazwa kuvuta wiki ile. Dada, lile daftari lilinifanyia kazi kuliko viapo vyote. Mimi nilikuwa naapa kwamba navuta kwa ajili ya magunia. Daftari likaonyesha ghalani navuta mara moja, mara nyingine hakuna kabisa. Misokoto mingi iko kati ya saa 12 na saa 3 usiku, kijiwe kilekile, na karibu kila mara nimetoka kubishana na mtu au sina hela ya kupeleka nyumbani. Kwa hiyo shida yangu haikuwa mzigo, ilikuwa kuingia nyumbani mikono mitupu.

Tukaanza na hapo. Nikabadilisha njia: kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 11, nikawa narudi kwa baiskeli badala ya kushuka kwenye daladala mbele ya kijiwe. Nikafanya mazoezi ya kukataa, kwa sauti, yeye akijifanya mshkaji wangu: "Anko, puli moja tu." Mara ya kwanza nilishindwa kumjibu hata yeye, ofisini! Tukarudia mpaka "leo sivuti" ikatoka bila maelezo nyuma yake. Nikajifunza kuahidi leo tu. Na hamu ikinipanda nisipigane nayo, niitazame inavyojaa na kupwa. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Maji yakijaa husukumi, unakaa juu unasubiri. Kwangu mara nyingi haikufika nusu saa.

Nililotamani familia ielezwe mapema ni arosto, yale mateso ya mwili na akili mtu anapoacha. Wengi husema bangi haina arosto. Ipo, ila haifanani na ya unga, yaani heroini. Kwa mvutaji wa kila siku huanza siku ya kwanza hadi ya 3, hukaza wiki ya kwanza, halafu hupungua polepole. Usingizi na ndoto ndivyo vinavyochelewa kukaa sawa. Mimi nilikuwa natoka jasho shuka linalowa, ugali haupiti, naota ndoto za kutisha, namfokea mtoto bure. Nyumbani wakasema jini limepanda. Mtaalamu alishanieleza kila kitu kabla, ndiyo maana safari hii sikukimbilia msokoto ili nilale.

Nilianguka pia. Siku ya 47, msimu umefunguka, tumelipwa, washkaji wamekaa. Nilirudi kwenye kikao nimeinamisha kichwa, akaniambia tufungue daftari. Tukakuta nilikuwa na hela mfukoni, sijala tangu asubuhi, na nimepita njia ya zamani. Tangu siku ile malipo yangu akawa anayapokea mke wangu. Yeye alikuwa na mpango wake waliokubaliana na mtaalamu: kila wiki safi, shilingi 5,000 kwenye kopo, na kopo lile lilinunua bati za jiko letu. Kuna kliniki za nchi za nje zinafanya hivi kwa utaratibu, unapewa zawadi ukipimwa mkojo ukaonekana safi. Ila nyumbani msiharakie kipimo. Bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, na mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana nayo wiki kadhaa baada ya kuacha. Mtamwita mwongo bure, na atarudi kuvuta kwa hasira.

Kuhusu methadoni uliyoulizia: hiyo ni dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, Muhimbili walianza nayo 2011. Haimhusu.

Sitakudanganya kwamba vikao vinamponya kila mtu. Mwaka 2004 Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 450 wanaovuta bangi: waliopata vikao 9 walipunguza kuliko waliopata 2, na wa vikao 2 wakawazidi waliowekwa kusubiri bila kikao. Lakini hata kwenye kundi la 9 walioacha kabisa walikuwa wachache. Kwa hiyo akipunguza, hesabuni hiyo. Na kama mdogo wako anasikia sauti au anaamini mnamtilia sumu, msingoje vikao. Mpelekeni hospitali aonwe na daktari wa afya ya akili, kwa hali hiyo dawa zipo.

Usimkokote. Mwambie aende mara moja tu, asikilize, akikataa arudi. Usiingie naye ndani. Mimi sikuulizwa nanunua kwa nani, mwambie na hilo, maana ndilo linalowafukuza wengi. Jioni mtafutieni shughuli ya saa zilezile anazovuta, hata kusukuma mkokoteni wa maji. Na wakimpa daftari aandike, dada yangu, usilifungue.