Kidonda cha mama hakitapona: tuendelee kukisafisha?

SWALI: Mama yetu ana miaka 61. Saratani ya titi imetoboa ngozi, naye amerudishwa nyumbani baada ya daktari kutueleza sisi watoto kwamba kidonda hakitafunga. Mwenyewe hajaambiwa. Kila asubuhi dada humsafisha na mama hulia kwa maumivu, na harufu imewapunguza wageni. Kaka yetu mkubwa anasema kwa kuwa hakuna kupona, tumwache apumzike. Je, tunamtesa? Na kumficha ukweli ni makosa?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, na umfikishie pole dada yako, maana yeye ndiye anayekutana na kidonda hicho kila siku.

Ni kweli kwamba bandeji haiwezi kufunga kidonda cha namna hiyo. Uvimbe hukua kuliko damu inayoufikia, sehemu zake hufa, na katika nyama iliyokufa huzaliana bakteria wasiohitaji hewa, ambao ndio wanaoleta harufu. Naomba jambo hili lisemwe wazi hapo nyumbani, ili asitokee mtu wa kumlaumu dada kwa uchafu au uzembe. Hata hivyo, kukosa kupona hakuondoi haja ya kutunzwa. Wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpa nafuu mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, hutazama mambo mengine: maumivu yamepungua kiasi gani, majimaji yamezuiwa, damu haitoki ovyo, na mgonjwa anaweza kuketi na watu bila kuona haya.

Kinachomliza mama kwa sehemu kubwa ni namna ya kusafisha, nayo inarekebishika. Chemsheni maji nusu lita, mtie chumvi kijiko kimoja cha chai, na yakishakuwa vuguvugu dada ayamimine polepole juu ya bandeji iliyoganda hadi ijiachie yenyewe, kwa sababu kuivuta ikiwa kavu ndiko kunakochana nyama. Asisugue, wala asitumie spiriti. Kama mama amepewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, anywe dozi yake kama nusu saa kabla ya kusafishwa; kama hajapewa na anaumia hivyo, rudini hospitalini mkaiulizie. Wengi huiogopa wakidhani inaharakisha kifo, lakini ikitolewa kwa kipimo sahihi haifanyi hivyo. Tatizo lake la kawaida ni kufunga choo, kwa hiyo ombeni pia dawa ya kulainisha choo. Mwulizeni muuguzi kama ni lazima bandeji ibadilishwe kila siku, maana kidonda kisichotoa majimaji mengi kinaweza kuachwa zaidi ya hapo.

Kwa harufu, vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria hao, vilivyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda husaidia sana, mkielekezwa na mhudumu wa afya. Beseni la mkaa chini ya kitanda nalo hufyonza harufu, ila uwe mkaa ambao haujawashwa. Nalisisitiza hili kwa sababu ya baridi ya huko Rungwe: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi inayoua bila kunusika. Wekeni karibu pia taulo la rangi nzito; damu ikianza kutoka, bonyezeni kwa dakika 10 bila kufunua, na isipokoma mpelekeni hospitalini.

Sasa kuhusu ukweli. Mama ana akili timamu na mwili ni wake, nanyi mmepewa habari iliyokuwa haki yake kuisikia kwanza. Kuna uamuzi ambao hawezi kuufanya asipojua. Tiba ya mionzi, kwa mfano, huweza kupunguza damu na maumivu hata pale isipoponya, lakini kuifuata Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na mtu anayedhani atapona huipima safari hiyo tofauti na mtu anayejua kwamba anatafuta nafuu tu. Huenda pia ana shamba la kugawa, au ndugu wa kupatana naye. Msimwangushie habari yote kwa mkupuo. Anayeaminiwa naye zaidi amwulize, "Mama, wewe mwenyewe unakionaje kidonda hiki? Ungependa tukueleze aliyosema daktari?" Akisema hataki kusikia, huo ni uamuzi wake, uheshimuni. Jambo moja msilifanye: kumwambia wakati wa kufunga bandeji kwamba kidonda kinapona, ilhali yeye anakiona.

Kaka yenu ana haki katika hili: siku za mwisho zikikaribia, kumgeuza na kumsafisha kunaweza kumchosha kuliko kumsaidia, na hapo ni halali kupunguza, mradi dawa ya maumivu isikatizwe. Hata leo, mama akisema "asubuhi hii hapana", asilazimishwe. Lakini hilo aliseme yeye, au liamuliwe pamoja na mhudumu anayemfahamu. Kabla ya kikao chochote cha familia, kaka achukue zamu ya kusafisha asubuhi kadhaa, dada apumzike, ili anaposhauri kuacha au kuendelea awe amemsikiliza mama akiwa kando ya kitanda chake.