MASWALI YENU: Naenda Pascagoula, Wawindaji Je?

SWALI: Habari mhariri, niko Marekani kwa dada yangu huku Mississippi, na wikendi moja mwezi wa nne tunataka kwenda na watoto eneo la wanyamapori la mto Pascagoula kuangalia ndege. Sasa jirani katuambia watu wanawinda humohumo, na mimi nilidhani ni hifadhi! Twende au tuache?

JIBU: Nendeni dada, ila muende mkijua mnakoingia. Maeneo yale sio hifadhi ya taifa. Ni ardhi ya serikali ya jimbo, na uwindaji wa msimu ni sehemu ya matumizi yake halali. Pesa za wawindaji ndo zimesaidia kutunza mapori kama hayo, maana tangu 1937 kuna kodi ya bunduki na risasi inayorudi kwenye wanyamapori.

Mwezi wa nne uwindaji wa mbawala umeshaisha, msimu wake wa bunduki ni Novemba mpaka Januari hivi, lakini bata mzinga wa porini ndo kwanza anawindwa, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya watoto. Wawindaji wa bata mzinga wanajificha kabisa, nguo za rangi ya majani, hutawaona. Kichwa cha dume la bata mzinga kina nyekundu, nyeupe na bluu, kwa hiyo rangi hizo tatu ziacheni nyumbani hata kama ni kofia tu, mwindaji asije akakudhania ndege. Vaeni vizibao vya rangi ya chungwa inayong'aa, wote. Na mkisikia mlio wa bata mzinga msiufuate, huenda ni mwindaji anauigiza ili amvute ndege. Tarehe za msimu na kibali cha kuingia angalieni kwa idara ya wanyamapori ya jimbo kabla hamjatoka.

Kitu cha pili ni maji. Mto wenyewe haujawekewa bwawa, mvua zikinyesha huko juu unapanda na kuingia msituni. Mkishuka kwenye gari tazama mashina ya miti ya misaipresi, utaona mstari wa tope mkavu, pengine unakupita kichwa, chini rangi moja juu rangi nyingine. Maji yalifika pale. Kwa hiyo someni kina cha mto siku hiyohiyo, na gari msilipaki bondeni.

Mamba wapo, watoto wasikae ukingoni na msiwatupie chakula. Nyoka akikupanulia mdomo mweupe kama pamba rudi nyuma polepole, ana sumu.

Mimi ningeingia na mtumbwi asubuhi. Juu mtafute mwewe mweupe mwenye mabawa meusi na mkia uliopasuka kama wa mbayuwayu, anafika Machi kutoka Amerika Kusini kuja kutaga. Kwenye magogo kuna kobe wa maji mwenye madoa ya njano mgongoni, ambaye nje ya mto huo na vijito vyake hayupo popote duniani. Ukimsogelea anadumbukia, so mwambie mtoto aache kupiga kasia mapema.