Buti za kinga zinamchubua farasi miguu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni saisi hapa Karen, Nairobi. Nina farasi jike mwenye miguu ya mbele myeupe. Tangu masika yaanze, nikimvua buti za kinga baada ya mazoezi nakuta ngozi imekuwa nyekundu, manyoya yamenyonyoka, na vigaga vimejitokeza nyuma ya vifundo. Mwenzangu anasema nipake oili chafu. Mwenye farasi anataka kununua buti nyingine, akidhani ni aleji. Unashauri nini?

JIBU: Marahaba. Oili chafu usiiguse kabisa, maana inaunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Na mwenye farasi asubiri kwanza.

Tazama vidonda vimekaa wapi. Wekundu ukifuata ukingo wa buti au mikanda, hapo pana msuguano: buti inacheza mguuni, mchanga unaingia, inageuka msasa. Wekundu ukienea kila panapoguswa na bitana, kwenye kila mguu unaovaa buti, ndipo nitashuku aleji ya kemikali za neoprini (mpira laini unaotengenezewa buti hizi), au sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri.

Lakini wewe umetaja vigaga, mvua na miguu myeupe. Mimi namshuku zaidi bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1915 kutoka kwa ng'ombe wa Kongo, ndiyo maana ana jina hilo. Huweza kukaa kwenye ngozi bila kudhuru, mpaka ilowe na kuchubuka. Neoprini haipitishi hewa, kwa hiyo tope, jasho na joto vyote vinabaki ndani. Dalili yake ni kigaga kinachobanduka na kishungi cha manyoya, mfano wa brashi ya rangi.

Muache bila buti kwa wiki mbili, umpe kazi nyepesi, alale pakavu. Vaa glavu, kwa sababu binadamu naye huambukizwa. Punguza manyoya marefu, lainisha vigaga kwa maji ya uvuguvugu, na usivibandue vikiwa vikavu, vinamuuma sana. Osha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na maji kama kibandiko kinavyoelekeza, iache dakika 10, suuza, kisha kausha. Kukausha huku ndiko ninakoona kunapuuzwa kila zizi ninaloingia, na ndiko kunakoponya. Tumia taulo safi, upapase kwa kiganja hadi kwenye kikunjo cha juu ya ukwato.

Mguu ukivimba, ukiwa wa moto, au akianza kuchechemea, mwite daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ikiwa ngozi nyeupe ya pua nayo inababuka: hapo huenda ni jua, likichochewa na majani aliyokula au ini lenye hitilafu.

Akipona, mvalishe buti zilizofuliwa na kukauka, juu ya mguu usio na tope, na uzivue mara tu mazoezi yakiisha. Asiazimwe farasi mwingine buti hizo. Wekundu ukirudi licha ya usafi wote huo, hapo mwambie mwenye farasi anunue nyingine, zisizo na neoprini.