Maswali na majibu: Mnaonja kwa macho

Makala yangu iliyopita kuhusu eli nyekundu ya rai, ambayo ni aina ya bia, imeniletea barua nyingi kuliko nilivyotarajia, na karibu nusu yake zinauliza jambo lilelile ambalo nimekwisha kulijibu zaidi ya mara moja. Nimechagua chache. Wale wanaoendelea kudhani kwamba rai ni maoni ya mtu, nawakumbusha kwa mara ya mwisho kuwa hapa tunazungumzia nafaka, jamaa ya ngano na shayiri, ile ambayo Wajerumani, Warusi na Wafini huipikia mkate mweusi.

Eli hiyo ina kilevi asilimia ngapi? Nataka kujua kama ni bia nzuri. (Msomaji wa Sinza)

Nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 7. Ubora wake haumo katika tarakimu hiyo, kama ambavyo utamu wa pilau haumo katika ukubwa wa sufuria.

Jirani yangu hupika bia nyumbani, na anasema wekundu wake unatokana na rozela. Je, ni kweli? (Msomaji wa Kinondoni)

Kama ametia rozela, amepika kinywaji kingine, ambacho huenda ni kitamu, lakini si hiki. Wekundu wa eli hii hutoka kwenye kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ambayo sehemu yake hutayarishwa kwa namna ambayo sukari hugeuka karameli ndani ya punje yenyewe. Wapikaji wengi huongeza shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, tena kidogo sana, asilimia 1 au 2 ya nafaka yote, kwa sababu ikizidi hapo wekundu hugeuka kahawia na bia huanza kunukia kahawa. Usitarajie kuona wekundu wa damu. Inua glasi kuelekea dirishani, nawe utaona shaba iliyosuguliwa, na kwenye kingo zake rangi ya kaharabu. Joseph Lovibond, mpika bia wa Uingereza wa karne ya 19, alibuni kipimo cha vioo vya rangi kwa ajili ya kulinganishia bia, na hadi leo jina lake limeandikwa kwenye mifuko ya kimea. Kwa jirani yako ningeongeza neno moja ambalo hukuliuliza: kupika kwa ajili ya kunywa nyumbani ni jambo moja, na kuwauzia watu wa mtaa bila leseni ni jambo jingine.

Nilionja eli hiyo na mara moja nikapata ukali wa pilipili manga, kama lebo ilivyosema. Hiyo ndiyo ladha ya rai? (Msomaji wa Mikocheni)

Ulipoandika «kama lebo ilivyosema», ndugu yangu, ulijijibu mwenyewe. Lebo ilionja kwanza, macho yakafuata, na ulimi ulipofika ukakuta hukumu imekwisha kutolewa.

Katika eli za namna hii rai huwa sehemu ndogo ya nafaka, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, na mchango wake ni wa adabu kuliko watu wanavyoutangaza. Huleta ukavu mwishoni mwa funda, ladha ya gamba la mkate ulioiva sana, na kwa mbali sana ukali wa kiungo. Nina shaka kubwa na wale wanaoupata ukali huo kwa wingi, kwa sababu mikate mingi ya rai hutiwa kisibiti, na mtu aliyewahi kuila huikumbuka harufu ya kisibiti akidhani ni ya rai. Tena, hopsi zenyewe, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zinaweza kutoa harufu ya viungo, kwa hiyo pilipili manga uliyoisikia huenda haikutoka kwenye nafaka kabisa.

Alama ya rai iliyo ya kuaminika zaidi haimo katika ladha. Imo katika mguso. Rai ina ute mwingi, na punje yake haina ganda la nje kama la shayiri, hivyo wakati wa kuchuja mchanganyiko hunata kama mlenda na kuziba chujio. Ndiyo maana wapikaji huchanganya pumba za mpunga ili maji yapate njia ya kupita. Sehemu ya ute huo huingia kwenye glasi yako: bia hupita mdomoni ikiwa na uzito laini na utelezi kidogo, kama uji mwepesi uliochujwa, kisha koo hubaki kavu. Utelezi mwanzoni na ukavu mwishoni, hayo mawili kwa pamoja, ndiyo ninayoyatafuta mimi.

Ukitaka kujua kama kweli unaitambua, fanya jaribio la glasi tatu. Mbili zitiwe bia moja, ya tatu itiwe eli nyekundu isiyo na rai, mtu mwingine azipange wewe ukiwa chumba kingine, kisha utaje iliyo tofauti. Kubahatisha tu kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo ukipatia mara moja usianze kujisifu. Rudia mara tano au sita. Nilipolifanya nyumbani na marafiki watatu, nilitumia vikombe vya chuma ili rangi isionekane, na mmoja wao, mwenye maneno mengi kuliko wote, alisifia «rai iliyokolea» ndani ya kikombe chenye laga ya kawaida ya dukani. Asijisikie vibaya. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Bordeaux, ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kama wanaosomea kazi hiyo hudanganywa na macho yao, sisi wa Mikocheni ni nani?

Mhudumu aliniuliza «baridi au ya moto?» nikakosa jibu. Eli hii hunywewaje? (Msomaji wa Tabata)

Wala baridi ile, wala moto ule. Chupa iliyotoka kwenye friji ikiwa inakaribia kuganda haina harufu, kwa sababu harufu ni vitu vinavyoruka, na baridi huvizuia visiruke. Unachobaki nacho ni gesi na uchungu. Chupa iliyokaa rafuni kwenye joto la Dar es Salaam la nyuzi 30 nayo hutoa gesi kwa fujo, kilevi hutangulia, na karameli huwa nzito kama sukari guru iliyolowekwa. Kipimo kizuri ni nyuzi 8 hadi 12. Mwambie mhudumu alete ya baridi, imimine, kisha iache kwanza. Kwa hali yetu ya hewa dakika kumi zinatosha, na tofauti ya funda la kwanza na la tano itakufundisha zaidi ya makala zangu zote. Glasi iliyogandishwa hadi ikaota ukungu mweupe irudishe ilikotoka, hata wakikuona mjuaji.

Nimeionja ya rafiki yangu, ina harufu ya karafuu. Nimsifu? (Msomaji wa Kigamboni)

Inategemea alikusudia nini. Watu wa Bavaria, kule Ujerumani, wana bia yao ya rai, ambayo huchachushwa kwa hamira ileile ya bia zao za ngano, na hamira hiyo hutoa harufu ya karafuu na ndizi mbivu. Huko, karafuu isipokuwepo ndipo watu hulalamika. Eli nyekundu ya rai tunayoizungumzia hapa inafuata mtindo wa Kimarekani, ambao hutaka hamira tulivu iache kimea na hopsi viseme. Ndani yake karafuu ni ishara kwamba hamira ya mwituni imeingia, kwa kawaida kupitia vyombo visivyosafishwa vizuri. Harufu ya karafuu isichanganywe na ile ya plasta ya hospitali, ambayo mara nyingi hutokana na klorini ya maji ya bomba. Dawa ya hiyo ni kuiondoa klorini kabla ya kupika.

Hapo hapo niseme jambo linalonikera. Barua nyingi zinaniambia bia fulani ni «tamu», «kali» au «haieleweki», halafu zinaniomba nieleze kasoro yake. Jikoni kwenu mna maneno yote mnayoyahitaji. Mahindi ya kuchemsha, siagi, tufaa bichi, siki, boksi lililolowa maji: kila moja ya harufu hizo inamwambia mpikaji kosa lake liko wapi. Boksi lililolowa, kwa mfano, ni hewa iliyoingia na bia iliyochakaa, na siagi mara nyingi ni hamira iliyoondolewa kabla haijamaliza kazi yake. «Haieleweki» haimwambii kitu.

Bia yenye ukungu imeharibika? (Msomaji wa Ubungo)

Si lazima, rai huleta ukungu, na chupa zilizochachukia humohumo huwa na mashapo. Kama pamoja na ukungu kuna uchachu na povu linalofurika mara tu ufunguapo, imwage.

Niliipa eli ya shemeji yangu alama 48 kati ya 50, lakini wenzangu wakanicheka. Kosa langu ni nini? (Msomaji wa Mbagala)

Kosa la kwanza umelitaja mwenyewe: ni ya shemeji yako. La pili linahitaji maelezo. Karatasi ya alama 50 mliyoitumia ni ya mpango wa Marekani wa kuthibitisha waamuzi wa bia, ulioanza mwaka 1985, na alama zake zimegawanywa kwa makusudi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa mdomoni 5, na hukumu ya jumla 10. Rudia kusoma tarakimu ya mwonekano. Rangi, povu na uangavu, mambo ambayo barua zenu hujaa hadi pembeni, yote kwa pamoja yana alama tatu.

Kuanzia 45 kwenda juu ni bia ya kiwango cha juu kabisa duniani kwa mtindo wake. 38 hadi 44 ni bora sana na haina dosari ila ndogo. 30 hadi 37 ni nzuri mno. Kwa hiyo 33 ni sifa, si tusi, ingawa sisi tuliokulia kwenye shule za kuhesabu asilimia tunaiona kama mtoto aliyeponea chupuchupu. Katika karatasi uliyonitumia, kwenye nafasi ya harufu umeandika neno moja, «safi», ukatoa 12 zote. Safi ya nini? Ningetaka kusoma kwamba kwanza ilikuja karameli iliyo kama kashata, kisha ganda la chungwa kutoka kwenye hopsi, na baada ya dakika mbili ikabaki harufu ya mkate. Nusa kabla hujanywa, tena mara moja bia inapomiminwa, kwa kuwa harufu nyingine hazikungoji. Usinuse ndani ya chumba kilichofukizwa udi, usijipulizie manukato siku hiyo, na usitumie glasi iliyooshwa kwenye beseni moja na sahani za samaki, kwa sababu mafuta huua povu. Ukiona vipovu vimeganda ubavuni mwa glasi, hiyo ni chafu, hata iking'aa vipi.

Nilinunua chupa ya kijani ya eli hiyo, inanuka vibaya kama mnyama. Muuzaji anasema ndiyo rai. (Msomaji wa Masaki)

Amekudanganya, au amedanganywa. Hiyo ni harufu ya kicheche, na husababishwa na mwanga unaopiga viambato vya uchungu vya hopsi. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe haizuii. Mimi mwenyewe niliwahi kununua chupa nne katika duka moja ambalo sitalitaja, zilizopangwa dirishani kama maua, jua la saa tisa likizipiga, nami nikalipa huku nikijua.

Joto nalo ni adui. Wazoefu wana kanuni yao isemayo kwamba siku 3 kwenye nyuzi 32 huichakaza bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio tu, lakini fikiria kontena lililokaa juani, kisha soma tena tarehe iliyoandikwa kwenye chupa kabla hujatoa pesa.

Mwanangu, sisi Uchagani tuna mbege. Kwa nini mwagize rai kutoka ughaibuni wakati ulezi upo? (Mzee wa Mbezi, asili yake Kibosho)

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii. Ulezi ukioteshwa hutoa kimea kizuri, na mtu anaweza kuutia kwenye eli akapata kinywaji cha heshima, ila hautaleta ule utelezi wa rai, kwa hiyo asikiite kwa jina lisilo lake. Mbege yenyewe si ndugu wa mbali: ndizi huleta sukari, kimea cha ulezi huleta nafaka, na gome la msesewe huleta uchungu, kazi ileile ifanywayo na hopsi kwingineko.

Nilipokuwa kilabuni huko kwenu, mama aliyekuwa akiuza alichota kidogo kwa kata, akaonja, akatulia, kisha akamwambia binti yake kwamba msesewe umezidi na kwamba pombe ilipaswa kungoja hadi kesho yake. Ndani ya kata mlikuwa na giza, hivyo rangi haikuonekana kabisa. Alama ngapi angeipa sijui, lakini alieleza alichokikuta, akataja sababu yake, akataja na la kufanya. Waamuzi wetu wa Dar es Salaam wenye karatasi zilizochapishwa mara nyingi huishia kwenye «safi».

Nikionja glasi ndogondogo sita, ninaweza kuendesha gari hadi nyumbani? (Msomaji wa Sinza, yuleyule)

Hapana. Waamuzi wa bia humeza, hawatemi, na glasi ndogo sita zenye asilimia 6 hazijui kwamba ulikuwa unaonja tu. Liache gari, na bodaboda utakayoipanda hakikisha dereva wake hakuwa mezani pamoja nawe.