Kamera ya nyuma yenye ukungu: bandua kibati cha sumaku kabla ya kumlipa fundi

Ndugu wa Bukavu anasema kwamba kamera ya nyuma ya simu yake inatoa picha zenye ukungu kwa muda wa miezi miwili sasa, kwamba ile ya mbele haina tatizo, kwamba amekwisha kupangusa kioo cha kamera mara nyingi bila mafanikio, na kwamba fundi anamshauri abadilishe kamera nzima. Jambo hilohilo lilinipata mwaka jana hapa Goma, nikamlipa fundi bure kabla sijajua naumwa wapi.

Mimi nauza viatu vya mitumba, na wateja wangu wengi wa Butembo na Bukavu hununua kwa kutazama picha tu. Kila asubuhi nilikuwa nikitoka Ndosho kwenda Birere kwa pikipiki yangu, simu ikiwa imeshikwa kwenye usukani na kishikio cha sumaku, ambacho hunasa kibati chembamba cha chuma kilichobandikwa ndani ya kava. Picha zilipoanza kuharibika nililaumu vumbi, kama afanyavyo kila mtu wa mji huu. Vumbi letu lina makosa yake kweli, kwa sababu linatokana na mawe ya volkano, ni gumu, na ukilipangusa kavu kwa ncha ya shati unakikwaruza kioo badala ya kukisafisha. Lipulize kwanza, ndipo utumie kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Lakini kioo kibaya hujionyesha usiku. Mafuta ya kidole yaliyovutwa upande mmoja hufanya taa ya duka itoe mwale mrefu unaokata njia ya mpanguso, na kioo kilichochakaa huizungushia taa duara jeupe. Picha zangu hazikuwa na dalili hizo. Hata hivyo fundi wa kwanza alinibadilishia kioo cha juu kwa dola 5, na kioo hicho cha bei rahisi ndicho kilichoniletea duara ambalo halikuwapo.

Kipimo kilichonifungua macho ni hiki. Weka ukurasa wa gazeti ukutani mchana, mahali penye mwanga wa kutosha, egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika umbali wa hatua moja, weka saa ya kuhesabu sekunde tatu, kisha usiiguse. Ikiwa maandishi yanasomeka vizuri, kamera ni nzima na kosa ni mkono au uhaba wa mwanga. Yasiposomeka, fungua kamera tena, gusa kwenye skrini kitu kilicho karibu, kisha gusa kilicho mbali, ukiitazama picha kwa makini: katika simu nzima inayolenga yenyewe, yaani inayosogeza lensi ili kitu kionekane wazi, picha hupanuka na kusinyaa kidogo kama kitu kinachovuta pumzi, halafu hutulia. Yangu ilitetemeka kama uji kwenye sufuria, na nilipoiweka sikioni nilisikia mvumo mdogo. Kamera ya mbele haikuwa kipimo cha kulinganisha, kwa kuwa katika simu nyingi lensi yake imefungwa mahali pamoja na haisogei kabisa.

Fundi wa pili, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, hakushika hata bisibisi. Alivua kava, akaweka kibati mezani, akanirudishia simu. Mtetemo ulipungua palepale. Alinieleza kwamba lensi ya nyuma huning'inia kwenye springi nyembamba mno na husogezwa na koili ya umeme iliyo kando ya sumaku ndogo, hivyo sumaku nyingine au chuma kilichowekwa karibu huivuta kutoka mahali inapotakiwa kukaa. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya jambo lingine lolote vua kava, bandua kibati au pete ya sumaku, kisha rudia kipimo cha gazeti.

Kwangu hiyo ilikuwa nusu ya ugonjwa tu. Vitu vya karibu vilirudi kuwa wazi, vya mbali vikabaki na ukungu, kwa sababu mtikisiko wa usukani ulikuwa umekwisha kuzichosha zile springi. Kampuni ya Apple yenyewe ilitoa onyo mwezi wa Septemba 2021 kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki zenye nguvu kubwa, ukipitia kwenye usukani, unaweza kudhoofisha sehemu ya kamera inayotuliza picha na ile inayolenga. Kwa pikipiki ndogo ilishauri kishikio kinachopunguza mtikisiko. Injini zetu ni ndogo, ni kweli, lakini anayepita kila siku kwenye njia za mawe ya lava hawezi kujifariji kwa hilo. Siku hizi simu yangu hukaa mfukoni.

Usichanganye ugonjwa huu na picha zinazoharibika baada ya kutumwa. WhatsApp hubana picha. Ukitaka mteja aone uzi wa kiatu, itume kama hati.

Ikiwa kibati kimetoka na picha za mbali bado ni mbaya, basi fundi wako ana haki, kamera ibadilishwe. Mimi nililipa dola 35. Usiondoke dukani kabla ya kupiga picha tatu: kiganja chako, bango lililo ng'ambo ya barabara, na ukuta wa matofali unaojaza skrini yote. Katika ile ya ukuta, kagua pembe zote nne. Pembe moja au upande mmoja ukiwa na ukungu huku pengine pote ni safi, lensi imekaa upande, na mwambie aifungue tena kabla hujatoa pesa.