Usiishie aya ya 18: kuisoma Zaburi ya 139 ili ujijue

Dada yangu, umesema kanisani wanakusifu kwa upole, lakini ukifika nyumbani unawafokea watoto, na unauliza usomeje Zaburi ya 139 ikusaidie kujijua. Pole. Najua kuliandika hilo hakukuwa rahisi.

Wengi huishia aya ya 18, baada ya yale maneno matamu ya kuumbwa tumboni mwa mama. Usiishie hapo. Kuanzia aya ya 19 hadi 22 mwimbaji anawaka hasira, anasema waziwazi kwamba anawachukia adui za Mungu. Kisha ghafla, aya ya 23: “Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu.” Aliyekuwa akiwanyoshea wengine kidole sasa anajifungua mwenyewe. Na hakungoja hasira ipoe ndipo aombe; ameileta kama ilivyo. Kwangu mimi, zaburi nzima imesimama hapo.

Basi watoto wakilala, soma aya zote 24 kwa sauti ya chini. Ukifika ya 23, nyamaza. Kumbuka ulipofoka leo: ulikuwa umechoka? Ulidharauliwa kazini? Uliogopa nini? Litaje jambo lenyewe. Ila usijichimbe usiku kucha, maana anayeombwa kuchunguza ni Mungu.

Asubuhi mwombe msamaha mtoto uliyemfokea, bila kuongeza “lakini na wewe”.